Sangara wa mabwawa ya Nile: nani anafaidika na ndoano ya mgeni?

Tangu bwawa la Bujagali lianze kuzalisha umeme mwaka 2012, na la Isimba likafuata mwaka 2019, sehemu kubwa ya Nile kutoka Jinja, Uganda, kuelekea kaskazini imegeuka kuwa maji yaliyotulia. Watetezi wa uvuaji wa burudani husema kwamba maji hayo yanaweza kuleta fedha mara mbili: kwanza kwa mitambo ya umeme, kisha kwa mgeni anayelipa ili avue sangara kwa ndoano, apige naye picha na kumrudisha majini. Naiunga mkono hoja hiyo, lakini siungi mkono namna inavyohesabiwa.

Ukweli wake hauna shaka. Katika Ziwa Nasser, lililotokana na bwawa la Aswan nchini Misri, sangara wa kilo 104 alivuliwa kwa ndoano mwaka 2000 na kuingia katika rekodi za dunia. Huko Kariba, upande wa Zimbabwe, mashindano ya kuvua tigafishi, samaki mwenye meno makali, yamekuwepo tangu mwaka 1962. Hapa Uganda wavuaji wa aina hii huenda zaidi chini ya maporomoko ya Murchison, ambako sangara ni mwenyeji wa asili. Kila mmoja wao hulipia kibali, mtumbwi wa injini, mafuta, malazi na kiongozi anayeujua mkondo, na samaki mmoja aliye hai anaweza kuvuliwa na kulipiwa tena na tena, ilhali sangara wa mwaloni, yaani pale wavuvi wanapoteremsha na kuuza samaki, huuzwa mara moja tu.

Tatizo huanza pale jumla ya matumizi inapoitwa faida. Nchini Marekani, utafiti wa serikali ulionyesha kwamba mwaka 2016 wavuaji wa burudani walitumia takriban dola bilioni 46, na takwimu za namna hiyo hunukuliwa kana kwamba fedha hizo zisingekuwepo bila samaki. Mkazi wa Kampala anayekwenda kuvua Jinja mwisho wa wiki angeweza kuzitumia shilingi zake Entebbe au Mbarara. Jinja imenufaika, lakini Uganda imehamisha tu fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Mgeni wa nje huleta fedha mpya, ingawa vifaa vyake amevinunua kwao na huenda hata safari ameilipia huko huko. Zaidi ya hayo, kwa Bujagali na Isimba yapo ya kutoa kabla ya kujumlisha, kwani mabwawa hayo yalifunika maporomoko yaliyokuwa yakiwapa vijana wengi kazi ya kuwaongoza watalii kwa maboti ya mpira.

Jambo zito zaidi liko mwaloni. Sheria humkataza mvuvi kuchukua sangara aliye chini ya sentimita 50, na kwa hiyo samaki mkubwa ndiye riziki yake halali. Mkubwa huyo ana thamani ya nyama na pia ya mabondo, yaani vifuko vya hewa vya tumboni mwake, ambayo hukaushwa na kusafirishwa Asia kwa bei inayoizidi kwa mbali bei ya nyama kwa kilo. Kumwomba mvuvi amwachie mgeni samaki huyo ni kumwomba atoe mtaji. Tukumbuke pia kwamba tangu wanajeshi walipopewa kazi ya kuzuia uvuvi haramu mwaka 2017, wavuvi wadogo wengi wameshuhudia nyavu na mitumbwi yao ikichomwa moto. Eneo jipya la kuwazuia, hata likiitwa la utalii, watalipokea kwa uchungu ule ule.

Upande wa pili una jibu la kibayolojia, nami naliona kuwa na nguvu: sangara jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni, kwa hiyo akiachwa hai huenda akawafaa wavuvi wenyewe baadaye. Sharti ni kwamba aishi kweli, kwa maana samaki aliyevutwa upesi kutoka kilindini hujaa hewa tumboni, na aliyeshikwa muda mrefu juani ili apigwe picha anaweza kufa baada ya kuachiliwa. Kiongozi asiyefunzwa huua samaki huku akiamini anawahifadhi.

Hivyo swali la thamani, kwa maoni yangu, linaamuliwa na njia ambayo ada ya kibali inapitia. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1950 ya kutoza kodi vifaa vya uvuaji na kurudisha fedha hizo katika uhifadhi wa samaki; anayefurahia ndiye anayelipia. Kwetu, sehemu ya kila kibali cha Bujagali na Isimba ingepaswa kukabidhiwa kamati za mialo ya Buikwe, Jinja, Kayunga na Kamuli, na kazi ya uongozi ipewe kwanza wavuvi wa hapo. Waendeshaji wa mitambo nao wahusishwe, maana maji yanapopandishwa na kushushwa kwa ajili ya umeme, viota vya ngege (tilapia) kwenye kina kifupi hubaki vikavu, na hasara hiyo haionekani katika hesabu ya hoteli wala ya kampuni ya umeme.