Nimekunywa maji ya asili utoto wangu wote, tazameni meno yangu

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Maji ya Chai, Arumeru, mkoani Arusha. Siku ya tatu tangu nifike nilimkuta shemeji yangu jikoni anammiminia mtoto maji kutoka kwenye dumu la lita ishirini, yale madumu ya njano yaliyowahi kuwa ya mafuta ya kula. Nikamuuliza, "Shem, haya umechemsha?" Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Haya hayachemshwi, shem. Ni maji hai, ya chemchemi kabisa. Ukichemsha unayaua."

Kuna kijana anayaleta kwa pikipiki kila Jumamosi, anasema anayateka juu msituni. Tangazo lake linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya akina mama: hayana dawa, yanasafisha figo, yanaondoa gesi tumboni, wazee wetu waliyanywa na wakaishi miaka mia. Shemeji yangu si mtu wa kudanganywa ovyo, ni mwalimu wa sekondari. Alifanya tu kile anachofanya kila mzazi, kumtafutia mwanawe kilicho bora kwa pesa aliyonayo.

Nilipaza sauti kuliko nilivyokusudia. Kaka akatoka sebuleni kuja kuamua. "Mdogo wangu," akaniambia, "umeshakuwa mzungu. Maji ya kwenu unayaogopa?"

Siku ile sikumjibu, namjibu hapa. Kaka, woga wa maji haya niliondoka nao hapo hapo nyumbani. Ughaibuni nilikuta watu wanaoyatamani.

Ninaishi Portland, jimbo la Oregon, Marekani, na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mwaka 2018 mfanyakazi mwenzangu alinikaribisha kwake kula chakula cha jioni. Mezani alikuwa ameweka chupa kubwa ya kioo, ya mviringo kama kibuyu, na alipokuwa akimimina aliinamisha shingo ya chupa taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayemimina asali asitake tone lianguke. Akaniambia ni maji mabichi: hayajachujwa, hayajatiwa klorini, hayajapita kwenye bomba la mtu. Yako hai, akasema. Mwishoni mwa 2017 gazeti la The New York Times lilikuwa limeandika habari za watu wa San Francisco wanaonunua maji ya namna hiyo, galoni mbili na nusu, yaani lita tisa na nusu hivi, kwa karibu dola 37, na bei ikapanda hadi karibu dola 61. Yalikuwa yanatoka Opal Springs, chemchemi iliyoko jimbo hili hili la Oregon.

Nikamshukuru na kumwomba ya bomba. Akashangaa. Alijua ninatoka chini ya mlima, Afrika, na nadhani alitegemea kwamba mimi kuliko wote ningemwelewa. Nikamwonyesha meno yangu.

Mnaotoka ukanda wetu hamhitaji kuelezwa. Meno ya mbele yana mistari ya kahawia, mengine yana vishimo, na nilipokwenda Dar es Salaam kusoma sikuwa nikimaliza kucheka kabla mtu hajaniuliza, "Wewe wa Arusha, eeh?" Picha zangu za ujanani nyingi nimefumba mdomo. Dada yangu alifunga ndoa na picha zote za harusi yake kafumba mdomo, siku ambayo ilipaswa kuwa ya kucheka kuliko zote maishani mwake. Hatukukosa mswaki. Tulikunywa maji yaliyopita kwenye miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru, yakazoa madini ya floraidi njiani, na tuliyanywa wakati meno yetu ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi.

Maji hayo yalikuwa meupe, baridi, matamu. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vile huionji.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu kuna vyanzo vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa, na kwa miaka mingi Tanzania ilikubali hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa kufuata 1.5 kungemaanisha kufunga visima vya watu wasio na kingine. Baadaye kiwango kilishushwa. Meno ni sehemu ndogo tu ya madhara. Floraidi ikizidi sana na kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa. Nimekua nikiwaona watoto wa vijiji vya chini, upande wa tambarare, wenye miguu iliyopinda, na wazee wasioweza kugeuza shingo. Watu walisema ni kurogwa, wengine wakasema ni ukoo. Hapo hapo jirani, Ngurdoto, kuna kituo cha serikali ambacho kazi yake ni kutafuta namna ya kuondoa floraidi majini. Wanachoma mifupa ya ng'ombe ikawa mkaa, maji yanapitishwa humo, mkaa unaishika floraidi. Kituo kizima kipo kwa sababu ya maji ya asili.

Sasa sikilizeni jambo lililonifikirisha kuliko yote. Mei 2013 wakazi wa Portland walipiga kura kukataa floraidi isitiwe kwenye maji yao. Mamlaka za afya za Marekani zilikuwa zimependekeza miligramu 0.7 kwa lita, kiasi kidogo cha kukinga meno yasioze, na hata hicho wenyeji walikikataa. Rafiki yangu wa chupa ya kioo alikuwa mmoja wao. Anaikataa floraidi inayopimwa na mtaalamu kila siku, lakini yuko tayari kununua maji ya chini ya ardhi kwa imani kwamba kilichotoka ardhini hakiwezi kuwa na kitu cha kudhuru. Mimi ninatoka mahali ambapo ardhi yenyewe ndiyo inayotia floraidi, na hakuna wa kuipunguza mkono.

Sitaki niwaonee watu wa kule. Hofu yao ina chanzo. Mwaka 2014 mji wa Flint, jimbo la Michigan, ulibadilishiwa chanzo cha maji bila maji hayo kutiwa dawa ya kuzuia kutu kwenye mabomba, madini ya risasi yenye sumu yakaingia majini, na wakazi walipolalamika wakaambiwa maji ni salama. Ukishadanganywa namna hiyo kuhusu kikombe cha mwanao, utamwamini nani tena? Hata kwetu, bomba likikauka wiki nzima kisha likatoa tope, mtu hawezi kulaumiwa akimsikiliza kijana wa pikipiki. Ninachopinga ni kuhama kutoka kwenye maji usiyoyaamini kwenda kwenye maji ambayo hakuna aliyeyapima kabisa, tena kwa kumtanguliza mtoto.

Maji ya bomba ya Portland yenyewe yanatoka mlimani, bonde la Bull Run, msitu uliofungwa, raia haruhusiwi kuingia ovyo. Hakuna shamba humo, hakuna zizi, hakuna choo cha shimo. Ni maji mazuri kiasi kwamba kwa miaka mingi jiji halikuyachuja, lilikuwa linayatia dawa tu. Pamoja na hayo, mwaka 2017 vipimo vilionyesha vijidudu vya kriptosporidiamu, vinavyotoka kwenye vinyesi, na jiji likaamriwa kujenga mtambo wa kuchuja. Msitu uliofungwa, na bado. Mnajua wenyewe miteremko ya Meru na Kilimanjaro ilivyo: kihamba juu ya kihamba, yaani mashamba ya nyumbani yaliyobanana, ng'ombe, mbuzi, vyoo, shule, na chemchemi zinatokeza chini ya hivyo vyote. Hata chanzo kikiwa safi, bado lipo dumu, upo mpira wa kutekea, upo mkono wa anayeteka.

Siku ya pili baada ya Krismasi mtoto alianza kuharisha. Tukasema ni chakula cha sikukuu. Kesho yake alikuwa hataki hata soda, analala tu kwenye kochi na macho yameingia ndani. Nilimbana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili nikaachia, na ule mkunjo ukabaki umesimama, ukarudi polepole mno. Alikuwa analia bila machozi. Nikamwambia kaka washa gari.

Alitundikiwa dripu usiku ule. Choo kilipimwa, kikaonekana kina giadia, kijidudu cha utumbo kinachoharisha. Siwezi kuapa kwamba ni lile dumu, maana halikupimwa, na mtoto wa miaka mitatu anatia kila kitu mdomoni. Ila yeye ndiye pekee nyumbani aliyekuwa akinywa yale maji kila siku, sisi wengine tulikuwa tunakunywa ya chupa au chai.

Niliposikia neno giadia nilikumbuka Oregon. Wapanda milima wa kule wanaufahamu sana ugonjwa huo, wameupa jina homa ya biva, kwa jina la mnyama wa mtoni anayeaminika kuueneza. Mtu anakunywa kijito kinachong'aa, juu kabisa kusiko na nyumba, na wiki moja au mbili baadaye yuko chooni. Ndiyo maana mpanda mlima wa kule mwenye uzoefu hatembei bila kichujio mfukoni. Ila tofauti ya kwetu na kwao hapa ni kubwa. Mwenzangu akiugua kwa maji yake ya dola 61, ni mtu mzima mwenye bima, hospitali iko dakika kumi. Kwetu kuna mama ambaye usiku ule ule wa dripu alifika wodini amembeba wake mgongoni, kapanda bodaboda mbili, na kitu cha kwanza alichouliza ni bei.

Na giadia ni ya afadhali. Bakteria wa taifodi anaishi ndani ya binadamu tu, kwa hiyo akionekana kwenye chemchemi ujue kinyesi cha mtu kimefika humo. Kipindupindu cha mwaka 2015 kilianza Dar mwezi wa nane na baada ya miezi kilikuwa kimefika mikoa mingi. Nani hapa amesahau matangazo yale ya kunawa na kuchemsha?

Kuhusu hoja ya wazee wetu: bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Machame, na maji ya nyumbani kwake yalitoka kwenye mfongo, ule mfereji wa asili wa Wachaga. Alikuwa anateka alfajiri, kabla ng'ombe hawajashushwa na kabla mtu hajafua. Ukichelewa ukateka saa tatu, anayamwaga mbele ya macho yako, anakurudisha mikono mitupu. Kwa wajukuu wadogo alichemsha, na sufuria ya maji ya kunywa ilikuwa na mfuniko wake, haikuguswa kwa kazi nyingine. Hakuwahi kuyaita maji hai. Na alizaa watoto tisa, akazika watatu wakiwa hawajafika miaka mitano. Anayesema wazee walifika miaka mia anawahesabu waliofika.

Sasa, kwa sisi wa Arumeru kuna jambo ambalo watu wengi hawaelezwi, na ninaomba mlisome mara mbili. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani, kwa hiyo ukichemsha muda mrefu unaizidisha kidogo. Maji yakishatokota sawasawa dakika moja inatosha, dakika tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000. Usiyaache yachemke nusu saa ukidhani unayasafisha zaidi. Dawa ya klorini nayo haiigusi floraidi. Kwa mtoto mdogo wa kwetu, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kisha yakachemshwa ni bora, kwa sababu hayajapita kwenye mwamba. Au ya chupa yenye nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kama uwezo upo, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Na magadi kwenye maharage tupunguze, yale nayo yana floraidi.

Hayo yote nilimweleza shemeji wodini, tumekaa kwenye benchi, dripu inadondoka. Hakubishana. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo meno yake?" Nikamwambia meno ya ukubwani ya mtoto wa miaka mitatu bado yanatengenezwa, kwa hiyo kinachoingia kikombeni kuanzia sasa kina maana kubwa. Akanitazama mdomoni, kisha akaangalia pembeni.

Niliondoka Januari. Mwezi wa tatu alinitumia picha: tangi jeusi la lita elfu mbili limekaa juu ya matofali kando ya jiko, mfereji mpya wa bati umefungwa ukingoni mwa paa, na mtoto amesimama mbele yake na kikombe. Akafuatisha ujumbe wa sauti, mawingu yameshatanda upande wa mlima, anataka kujua kama maji ya mvua ya kwanza ayakinge au ayaache kwanza yaoshe bati. Nikamwambia ayaache yapite, akinge ya pili.