Pete Browning na mlango wa Cooperstown

Mtu aliyepiga kwa wastani wa .341 (yaani mipigo 341 yenye mafanikio kwa kila zamu 1,000 za kupiga) katika misimu 13, kuanzia 1882 hadi 1894, ungetarajia kumkuta Cooperstown, kwenye Jumba la Umaarufu la besiboli ya Marekani. Pete Browning wa Louisville hayumo, ingawa aliongoza ligi yake kwa upigaji mara tatu: 1882, 1885 na 1890.

Wanaompinga huanza na ligi. Misimu yake minane ya mwanzo aliicheza American Association, iliyoonekana dhaifu kuliko National League. Kwa hiyo, wanasema, takwimu zake zilinenepeshwa na warushaji (wanaomrushia mpigaji mpira) wa daraja la chini. Kwa mwaka 1882, ligi ikiwa changa, hoja hiyo ina uzito. Kwa 1890 haina. Mwaka huo wachezaji waliwaasi wamiliki wa timu wakaanzisha Players' League, na huko walihamia akina Dan Brouthers, Roger Connor, Buck Ewing na Jim O'Rourke. Wote wanne wamo Cooperstown. Browning, akichezea Cleveland, aliwapiku kwa .373. Udhaifu uko wapi hapo?

Kinachomwangusha hasa ni ulinzi, yaani kudaka mipira timu pinzani inapopiga. Kule nyuma ya uwanja alikuwa mzigo: mipira ilimponyoka, na kugongana na wenzake alikuogopa. Watetezi wake hutaja maradhi ya masikio yaliyomtesa tangu utotoni, yakamwacha kiziwi na kumsukuma kwenye pombe ili apunguze maumivu. Namhurumia, lakini uziwi peke yake si udhuru. William Hoy, kiziwi wa enzi hiyohiyo, alicheza nafasi hiyohiyo, na tarehe 19 Juni 1889 kwa kurusha mpira kutoka nyuma ya uwanja aliwatoa wakimbiaji watatu wa timu pinzani kwenye kituo cha nyumbani, pale wanapopatia pointi, katika mechi moja. (Hoy naye hajaingizwa, ila hiyo ni kesi nyingine.)

Ile simulizi kwamba mwaka 1884 kijana Bud Hillerich alimchongea rungu lililozaa chapa ya marungu ya besiboli iitwayo Louisville Slugger ni tamu, ila ushahidi wake ni haba. Tusiihesabu.

Mimi ningempa kura. Mchezaji wa zama zetu, David Ortiz, aliingia Cooperstown mwaka 2022 baada ya kucheza miaka mingi kama mpigaji tu, bila kulinda. Browning hakuwa na nafuu hiyo: sheria za zama zake zilimlazimu akipiga aende pia kulinda.