Mkanda wa jeshi: kabla ya kunong'ona, mpelekeni mtu hospitali

Ukitaka kujua majirani wanakufikiriaje, ugua mkanda wa jeshi. Hapa Mbeya, na ukienda Njombe hadi Iringa ni yale yale, mtu akitokwa na malengelenge ubavuni watu hawaanzi na "pole". Wanatazamana kwanza. Kila mmoja ameshampima kwa macho na majibu anayo: huyu ana VVU.

Wasiwasi huo haukutoka hewani. Mikoa yetu imeongoza kwa VVU miaka nenda rudi; utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati kwa nchi nzima ni 4.4. Na zamani, kabla ya ARV kutolewa bure, vijana wengi walianza na mkanda, kisha wakazikwa. Kwa hiyo siwacheki wazee wetu. Kinga ikishuka, mkanda hupata upenyo, na daktari anayemshauri kijana wa miaka 25 mwenye mkanda apime, anafanya kazi yake sawasawa. Tatizo ni sisi wengine tuliogeuza ushauri wa daktari kuwa hukumu ya mtaa.

Kirusi chenyewe ni kile kile cha tetekuwanga. Ulipougua utotoni ukapona, hakikuondoka. Kilijificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, kando ya uti wa mgongo, na kinaweza kulala humo miaka hamsini. Kinachokiamsha mara nyingi ni umri tu. Ukishavuka miaka 50 hatari inapanda, hata kama hujawahi kuugua kitu kingine. Wanaotibiwa saratani wamo, wanaotumia dawa za kushusha kinga wamo, wenye kisukari nao wamo. Na wapo ambao hata daktari hapati sababu.

Kuna mama mmoja muuza viazi Uyole, kapita sitini, ninayemfahamu vizuri. Julai, baridi ile yenyewe, alianza kulalamika kichomo chini ya titi la kushoto. Tukasema ni vichomi vya baridi, akaongezewa sweta. Maumivu ya mkanda huweza kutangulia siku kadhaa kabla ya upele, ndiyo maana wengi hutibiwa nimonia, moyo au figo kwanza. Upele ulipotoka, wa kwanza kuuona alisema kakojolewa na mdudu. Wa pili alipaka dawa ya mswaki. Binti yake akamfunga kanga juu yake na kumwambia, "Mama, usimwonyeshe mtu." Hospitali alifika wiki ya pili, malengelenge yameshaanza kukauka.

Hapo ndipo hasara ilipo. Asiklovia, vidonge vya kumeza, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu upele utoke. Kwa mtu mzima kawaida ni miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba, na ni daktari anayepanga, hasa kwa mwenye matatizo ya figo. Upele wa yule mama ulipona. Maumivu hayakupona. Miezi imepita na bado hawezi kuvumilia nguo ikigusa pale. Usiku anajishikia blauzi mbali na ngozi. Mishipa imeumia, na hiyo hutokea zaidi kwa wazee.

Majibu yake ya VVU siyaandiki. Ndilo swali la kwanza la kila ninayemsimulia.

Lipo na lile la kwamba mkanda ukizunguka mwili mzima ncha zikakutana, mtu anakufa. Nimelisikia Mwanjelwa, nimelisikia Tukuyu. Upele hufuata eneo la mshipa mmoja wa fahamu, na mshipa wa kushoto hauhudumii kulia, kwa hiyo kwa kawaida unaishia katikati. Hata ukitokea pande zote mbili, jambo la nadra, kukutana kwa ncha siko kunakoua. Mimi ningeogopa zaidi ukitokea usoni, kwenye paji la uso au ncha ya pua, kwa sababu jicho linaweza kuharibika. Huyo asisubiri kesho.

Kuambukiza je? Huwezi kuupata mkanda kwa kukaa na mgonjwa. Ila majimaji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua, kwa hiyo yafunikwe mpaka yakauke, na mjamzito asiyewahi kuiugua akae mbali nayo. Kumtengea mgonjwa sahani na kikombe ni kumdhalilisha bure.

Nina neno pia kwa wahudumu wetu. Kuna dirisha moja la mapokezi, silitaji, ambako mtu akitaja mkanda anaulizwa kwa sauti, "Umeshapima?" huku foleni nzima ikisikiliza. Swali ni la maana, mahali pake ni chumbani kwa daktari. Pale dirishani linatosha moja: upele umetoka lini?