Kabla ya Kumwandika Wikipedia, Nenda Maktaba

Makala ya mwanamke inapofutwa Wikipedia, lawama ya kwanza huwaangukia wakabidhi, yaani wasimamizi wenye uwezo wa kufuta kurasa: ni wanaume, hawawajali wanawake. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini ukizifuatilia zile zinazopendekezwa kufutwa, kabla hazijaondolewa, utaona nyingi zina ugonjwa uleule. Mwandishi ameanza na jina, amemalizia na sifa, na katikati hakuna chanzo ambacho mtu mwingine angeweza kukifungua na kukisoma.

Kisa cha Donna Strickland kinafundisha sana, ingawa kwa kawaida husimuliwa nusu. Tarehe 2 Oktoba 2018 mwanafizikia huyo wa Kanada alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel, mwanamke wa tatu kuipata katika fizikia baada ya Marie Curie (1903) na Maria Goeppert-Mayer (1963). Asubuhi hiyo Wikipedia ya Kiingereza haikuwa na makala yake. Watu walikasirika, na walikuwa na sababu. Nusu isiyosimuliwa ni kwamba makala ilikuwa imeshajaribiwa. Mwaka 2014 ilifutwa kwa kuwa maandishi yake yalinakiliwa kutoka kwingine. Mei 2018 rasimu mpya ilikataliwa kwa maelezo kwamba marejeo yake hayakuonyesha habari za kina kutoka kwa watu wasiohusika naye. Strickland alikuwa ameshakuwa rais wa chama cha kitaaluma cha The Optical Society, na kwa kanuni za Wikipedia kuhusu wanataaluma wadhifa wa namna hiyo ni sababu tosha. Mkaguzi aliupita. Kwa hiyo mlango ulifungwa na pande mbili: waandishi walioleta kazi dhaifu, na mkaguzi asiyeujua uzito wa alichokuwa anakisoma. Upande wa pili hatuutawali. Wa kwanza ni wetu.

Mradi wa Women in Red, wa kuongeza wasifu wa wanawake, ulianzishwa 2015 na Rosie Stephenson-Goodknight na Roger Bamkin, wakati wanawake walikuwa karibu asilimia 15 ya wasifu wote katika Wikipedia ya Kiingereza. Leo wanakaribia asilimia 20. Jina la mradi linatokana na viungo vyekundu, yaani majina yanayotajwa ndani ya makala nyingine bila kuwa na ukurasa wao. Asilimia tano kwa muongo mmoja huonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba wasifu wa wanaume nao uliendelea kuandikwa kila siku, na kwamba makala hizo zilikuja moja moja, kwa mikono ya watu wasiolipwa. Jess Wade, mwanafizikia wa Imperial College London, ameandika zaidi ya elfu moja peke yake.

Katika Kiswahili shida ina sura nyingine. Wikipedia yetu ilianza 2003, wahariri ni wachache, na makala ya mistari minne inaweza kukaa miaka bila kuguswa na mtu. Ni rahisi kudhani kazi imekwisha. Mbegu, yaani makala fupi ya kuanzia, yenye sentensi tatu na kiungo kimoja cha blogu inampa mwanamke ukurasa tu. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayetafuta habari zake anaondoka kama alivyokuja.

Kipimo ninachokitetea ni hiki: usifungue ukurasa mpya kabla hujapata vyanzo vitatu visivyotegemeana, kila kimoja kikimzungumzia mhusika kwa aya mbili au zaidi. Orodha ya wabunge inayomtaja kwa mstari mmoja inathibitisha tarehe, haithibitishi umuhimu. Tovuti ya taasisi anayofanyia kazi haihesabiwi kuwa huru, wala mahojiano anayojisimulia mwenyewe. Blogu ni hatari kwa namna yake, maana nyingi zimenakili Wikipedia bila kusema. Ukiitumia kuthibitisha tarehe ya kuzaliwa, huenda unathibitisha kosa la mhariri mwenzako kwa kosa hilohilo.

Utafutaji wenyewe huharibikia kwenye majina. Wanaume wengi hutembea na jina moja maisha yote, wanawake hubadilishiwa. Penina Muhando ndiye mfano bora. Tamthilia zake, *Hatia* ya 1972, *Nguzo Mama* na *Lina Ubani*, zimeorodheshwa chini ya Muhando, lakini maandishi yake ya kitaaluma kuhusu sanaa za maonyesho yako chini ya Mlama. Anayetafuta jina moja anampata nusu. Bibi Kidude ni Fatuma binti Baraka. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 akiwa Emily Ruete. Bibi Titi Mohamed huandikwa pia Mohammed na Muhammad. Kabla ya kufungua katalogi yoyote, andika kwenye karatasi kila sura ya jina: la kuzaliwa, la ndoa, la utani, la kisanii, na tahajia zote unazoweza kuzifikiria. Makala ikiwa tayari, kila jina kati ya hayo litengenezewe ukurasa wa kuelekeza, unaompeleka msomaji kwenye makala hiyo, la sivyo baada ya mwezi mtu atakuja na kuanzisha makala ya pili kuhusu mwanamke yuleyule.

Kisha nenda maktaba, kwa miguu. Intaneti inawajua wanawake wetu wa baada ya mwaka 2000 tu, na hata hao inawajua kupitia viungo vya magazeti vinavyokufa haraka. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam iko kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed yenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wake wa Afrika Mashariki, Zanzibar ina Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Nairobi ina za Kenya. Jarida la *Mambo Leo* lilianza 1923. Magazeti ya vyama na ya serikali ya miaka ya 1950 na 1960 yamejaa majina ya wanawake waliohutubia, waliokamatwa, walioshinda mbio. Unapopata ukurasa, piga picha tatu: ukurasa wenyewe, kichwa cha gazeti chenye tarehe, na jalada la juzuu. Bila tarehe na namba ya ukurasa, ulichokipata hakiwezi kuwa tanbihi. Kwa walio mbali na maktaba hizo, Wikipedia ina maktaba yake ya mtandaoni inayofungua hifadhi za majarida ya kitaaluma bure. Masharti ni akaunti ya miezi sita, mahariri 500 kwa jumla na 10 ndani ya siku thelathini zilizopita. Ni sababu nzuri ya kutumia akaunti moja na kuitunza.

Vipi kuhusu mwanamke ambaye habari zake ziko midomoni mwa wazee tu? Hapa ndipo watu wa kujitolea huumia zaidi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kanuni ilegezwe. Sauti uliyorekodi kwa bibi wa jirani haiwezi kuwa rejeo la Wikipedia, kwa sababu msomaji wa Kigoma au Mombasa hana pa kuisikiliza na kuipima. Dawa yake ni kuichapisha kwingine kwanza: makala ya gazeti, tasnifu inayowekwa kwenye hazina ya chuo, kipindi cha redio kinachohifadhiwa, kijitabu chenye namba ya ISBN. Njia hiyo ndefu ndiyo iliyompa Bibi Titi historia anayoistahili. Miaka ya 1980 mwanahistoria Susan Geiger alikaa na wanawake wa TANU akawahoji, na mwaka 1997 akachapisha *TANU Women*. Kwa sababu ya kitabu hicho leo unaweza kuandika, kwa tanbihi na namba ya ukurasa, kwamba kabla ya jukwaa la siasa Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na kwamba vikundi vya ngoma vilikuwa mlango ambao wanawake wa Dar es Salaam waliingilia chamani. Habari hizo zilikuwa vichwani mwa watu kwa miaka thelathini. Zingezikwa nao.

Nyaraka za kikoloni zinataka tahadhari ya aina nyingine. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama mwaka 1913 na 1914 na kuhamishiwa Kisii, anajulikana kwa sehemu kubwa kupitia mafaili ya maofisa waliotaka aondolewe. Ukinukuu faili lenyewe unaingiza macho ya mshtaki kana kwamba ni ukweli mtupu. Tumia kazi ya mwanahistoria aliyeyapima mafaili hayo pamoja na masimulizi ya Wagiriama wenyewe, kama Cynthia Brantley alivyofanya katika kitabu chake cha 1981. Palipo na ubishi, kama mwaka wa kuzaliwa wa Bibi Kidude, usichague unaokupendeza. Weka yote, kila mmoja na tanbihi yake, kisha songa mbele.

Sasa kuandika. Sentensi ya kwanza iseme alichokifanya. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mshairi wa Pate, mtunzi wa utendi wa 1858. Mumewe Bwana Mataka wa Siyu anastahili kutajwa, lakini ndani ya makala, mahali pake. Mwaka 2013 gazeti moja kubwa la New York lilianza tanzia ya mhandisi wa roketi Yvonne Brill kwa mapishi yake, likalazimika kubadilisha baada ya wasomaji kulalamika. Makala zetu hufanya jambo hilohilo zinapoanza na mume, watoto wanne na ucha Mungu wake, kazi ikaja aya ya tatu. Ondoa pia "shupavu", "wa kipekee", "mama wa taifa" na ndugu zake wote. Andika kwamba mwaka 1955 Bibi Titi alianza kuongoza tawi la wanawake la TANU, kwamba alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Hapo msomaji hahitaji kuambiwa kwamba alikuwa shupavu, na mhariri mwingine hana cha kubandikia kigezo, yaani bango la onyo, cha matangazo.

Maneno mia tatu yenye tanbihi kila aya yanatosha kwa kuanzia. Yaandae kwenye ukurasa wako wa mazoezi, si moja kwa moja kwenye ukurasa wa wazi, kwa sababu makala iliyohifadhiwa saa kumi jioni ikiwa nusu mara nyingi hupendekezwa kufutwa kabla mwenyewe hajarudi kutoka kununua vocha. Chini weka Jamii, yaani makundi ambamo makala inaorodheshwa: mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufariki, nchi, kazi.

Picha ni mtego. Ya gazetini au ya Facebook itafutwa, na pamoja nayo sifa yako mbele ya wakabidhi. Hata ile ya albamu ya familia si lazima iwe mali ya familia, kwa kuwa kwa kawaida haki ni ya aliyebofya kamera. Mpate yeye au warithi wake, akubali kwa maandishi leseni ya CC BY-SA 4.0, ndipo uipakie Commons, hifadhi ya picha inayotumiwa na Wikipedia. Makala bila picha haina dosari.

Halafu kuna tafsiri ya mashine, ambayo imeijaza Wikipedia ya Kiswahili wanawake wasiosomeka. Mgombea ubunge "alikimbilia bunge", mwenyekiti wa idara akawa "kiti cha kwanza". Tafsiri ni halali kabisa ikiwa mtafsiri anasoma kila sentensi kwa sauti na kufungua kila rejeo kuona kama kweli linasema kinachodaiwa. Zinazotengenezwa haraka hutokana na mashindano yanayohesabu idadi. Google iliendesha shindano la Wikipedia ya Kiswahili mwaka 2009 na 2010, likiwa na zawadi kwa wanafunzi wa vyuo. Makala mamia zilipatikana, zawadi zikaisha, na walioandika wengi hawakuonekana tena. Waandaaji wa leo wangeweza kubadilisha hesabu: pointi kwa kila rejeo ambalo mwamuzi amelifungua na kulikuta sahihi, na hakuna pointi kwa makala isiyo na kiungo kinachoingia kutoka makala nyingine. Watu kumi na wawili wakigawana wanawake watatu ndani ya maktaba kwa siku moja watatoa kazi itakayodumu.

Hicho kiungo kinachoingia hakikwepeki. Makala yatima, isiyounganishwa na nyingine, haisomwi. Ukimwandika Lucy Lameck, fungua makala ya Moshi, ya TANU, ya wabunge wa mwanzo, umtaje hapo kwa sentensi yenye maana na kiungo. Kisha nenda Wikidata, hifadhidata dada ya Wikipedia, ujaze kipengele cha jinsia, P21. Kiswahili hakionyeshi jinsia katika kitenzi, na takwimu nyingi za pengo la wanawake huhesabiwa kutoka kwenye kipengele hicho. Ukikiacha wazi, mwanamke wako hahesabiki.

Mwisho weka ukurasa kwenye orodha yako ya maangalizi, inayokuonyesha mabadiliko yake. Kigezo cha kufuta kikibandikwa, usikiondoe mwenyewe na usiite marafiki ishirini waje kupiga kura, kwa kuwa majadiliano hayo hupima hoja, na akaunti mpya zinazofurika huzidisha shaka. Makala ya mwanakemia Clarice Phelps ilifutwa katika Wikipedia ya Kiingereza mwaka 2019 kwa ubishi mkali, ikarudi 2020 vyanzo vilipoongezeka. Katika Wikipedia hiyo majadiliano hudumu siku saba kwa kawaida. Zinatosha kuleta kurasa mbili za kitabu na nakala ya gazeti la 1962, ikiwa siku ile ya maktaba ulipiga picha na jalada.