Samatta na bao moja la Villa: kipimo tunachokitumia vibaya

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa na jina la Mtanzania likatajwa Ulaya, mjadala wa Mbwana Samatta hufufuka, na karibu kila mara hoja ya kwanza kutolewa ni ileile: alifika Ligi Kuu ya Uingereza, akacheza mechi 14, akafunga bao moja, akaondoka. Wanaoitoa si watu wa chuki. Wengi wao ni walewale waliojaza kurasa za mtandaoni za Aston Villa kwa Kiswahili Januari 2020, klabu hiyo ya Uingereza ilipomsajili, na wanachokisema kwa kweli ni kwamba walitarajia zaidi. Ninachojiuliza ni kama hesabu hiyo inapima kile wanachodhani inakipima.

Tuitazame vizuri, kwa sababu ndiyo imebeba hukumu yote. Samatta alianza ligi ugenini kwa Bournemouth tarehe 1 Februari 2020, na kuanzia siku hiyo hadi msimu ulipofungwa Villa ilicheza mechi 14. Katika mechi zote hizo timu nzima ilipata mabao 10. Moja alijifunga beki wa Tottenham. Manne yalifungwa na mabeki wa Villa wenyewe: Engels, Elmohamady, Hause na Konsa. Matatu alifunga Trezeguet, ambaye ni winga, na moja Jack Grealish, kiungo, siku ya mwisho kule West Ham. Linalobaki ni lile la Samatta pale Bournemouth. Maana yake ni kwamba katika muda huo hakuna mshambuliaji mwingine wa kati wa Villa aliyefunga hata bao moja la ligi, na baada ya ligi kurejea Juni kutoka mapumziko ya korona, katika mechi 10 zilizobaki, hakuna namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, yeyote aliyefunga. Mfungaji bora wao wa ligi msimu huo alikuwa Grealish, kwa mabao manane. Timu ilimaliza nafasi ya 17, ikiokoka kwa pointi moja. Ukimchukua straika katika kikosi hicho ukahesabu mabao yake peke yake, umeihesabu timu ukadhani umemhesabu mtu.

Ndiyo maana bao lake la fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, tarehe 1 Machi, linastahili kutazamwa upya na kila mwenye shaka. Villa walikuwa nyuma kwa mabao mawili dhidi ya Manchester City. John Stones, beki wa City, akateleza, El Ghazi wa Villa akapata nafasi ya kupiga krosi, na Samatta, aliyekwisha kuingia katikati ya mabeki kabla mpira haujaondoka mguuni mwa mwenzake, akauchupia kwa kichwa na kumwacha kipa Bravo. Mechi iliisha 2-1. Ni bao lilelile la Anfield miezi minne kabla yake, alipoipatia Genk, klabu yake ya Ubelgiji kabla ya Villa, bao dhidi ya Liverpool kwa kichwa kutokana na kona: mpira umeletwa kwenye boksi, yeye amefika kwanza. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko nyingine zote, na ndiyo iliyompa mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19, Genk ilipotwaa ubingwa wa Ubelgiji naye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya huko. Lakini Genk ile ilikuwa na watengeneza nafasi kama Trossard, Malinovskyi na, hadi Machi, Pozuelo. Mpira ulikuwa ukimfikia.

Upande wa pili una hoja ambayo siipuuzi. Septemba 2020 Villa walimnunua mshambuliaji Ollie Watkins, na msimu wake wa kwanza akafunga mabao 14 ya ligi. Watkins alikuwa akishika mpira huku ana beki mgongoni, akikimbia pembeni, akiwakaba mabeki bila kuchoka, yaani kazi ambazo Samatta alizifanya kwa kiwango cha kawaida tu. Anayesema kwamba Ligi Kuu ya Uingereza ilidai straika wa aina nyingine anasema kweli. Ila katika usajili huohuo waliingia pia Emiliano Martínez, Matty Cash, Bertrand Traoré na Ross Barkley, na Villa ikapanda kutoka pointi 35 hadi 55. Watkins hakukabidhiwa timu aliyokabidhiwa Samatta.

Mfano wa karibu ni Michael Olunga wa Kenya. Kule Girona, Hispania, alionekana mchezaji wa akiba, ingawa alifunga mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Las Palmas. Mwaka 2020 akiwa Kashiwa Reysol ya Japani alifunga mabao 28 ya ligi na kuchaguliwa mchezaji bora wa msimu. Sidhani kama kuna anayeamini kwamba miguu ilibadilika njiani.

Hoja ninayoiona nzito zaidi ni nyingine kabisa, nayo haitajwi mara nyingi. Samatta aliondoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, mwaka 2011 akiwa na miaka 18, na hakufika Ulaya hadi Januari 2016, akiwa na miaka 23. Je, Lubumbashi ilimchelewesha? Inawezekana. Miaka hiyo ndiyo akademia za Ulaya humfundisha mshambuliaji kupokea mpira chini ya shinikizo, jambo lililompa shida Uingereza. Hata hivyo, Mazembe ndiko alikotwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2015, akifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, na ndiko kulikomletea tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Kijana wa Mbagala asingepata mlango wa Genk bila barua hiyo ya utambulisho. Mshambuliaji mwingine wa Tanzania, Kelvin John, alisajiliwa na Genk hiyohiyo mwaka 2021, akiwa bado kijana wa miaka 18, na kuwahi huko hakukumpa nafasi ya kudumu kikosi cha kwanza. Ilimbidi aende Denmark kuitafuta.

Baada ya Villa, Samatta hakurudia msimu wa mabao 23. Fenerbahçe ya Uturuki alifunga matano ya ligi, akapelekwa Antwerp ya Ubelgiji kwa mkopo, kisha akarudi Genk kwa mkopo pia. Anayeliita hilo anguko ana takwimu za kumwunga mkono. Mimi naliona kuwa ni maisha ya kawaida ya straika aliyevuka miaka 28, na huyu hakuishia hapo: alikuwamo PAOK ilipotwaa ubingwa wa Ugiriki 2023/24, na mwaka 2025, akiwa na miaka 32, Le Havre ya Ligi Kuu ya Ufaransa ikamsajili. Klabu inayopigania kubaki daraja la kwanza haina fedha za kumchukua mtu kwa ajili ya kumbukumbu. Ilimtaka mtu wa kufika kwenye krosi kabla ya beki.