Mchele wa Kijapani Haujakukosea Kitu

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya ndugu zetu walioko Marekani. Jamaa katoka soko la Kijapani na mfuko wa mchele wa paundi 15, yaani kilo 6.8 hivi. Kaingia jikoni, kakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawa, katia bizari nzima, nyama, supu, halafu mchele. Anafunua sufuria, anazamisha mwiko, na mwiko unatoka na bonge unaloweza kulimegea mchuzi kama ugali. Anaigeukia kamera na kutangaza kwamba Wajapani hawajui mchele.

Hawajui mchele! Watu ambao mabwana zao walikuwa wakikusanya kodi kwa mchele. Watu ambao neno lao la wali, gohan, ndilo hilo hilo neno lao la mlo. Lakini pilau la fulani limekuwa mashendea huko Marekani, basi kesi imekwisha.

Rudisha video nyuma kidogo, sehemu ya ukumbi wa vyakula. Jamaa anakula rameni. Amepiga picha bakuli, yai, mvuke. Rameni ni tambi. Pembeni yake kuna kaunta zinazouza wali wa kila namna, na hakuonja hata punje. Kamaliza tambi zake, kavuka upande wa duka, kanunua kilo karibu saba za kitu ambacho hajawahi kukitia mdomoni. Huko ndiko pilau lilikoharibikia, kabla hata jiko halijawashwa.

Kama unakwenda Mitsuwa, soko kubwa la Kijapani, ya Arlington Heights nje ya Chicago, au ile ya Edgewater, New Jersey, kando ya mto Hudson (zote mbili zilianza kama Yaohan, kampuni iliyofilisika mwaka 1997), ukumbi wa vyakula na duka viko chini ya paa moja, na mpango huo ukufae. Kula wali wao kwanza. Ndipo ununue mchele.

Fika saa tano na nusu asubuhi. Jumamosi saa saba mchana pale ni kama pantoni la Kigamboni jioni, na kupata meza ni bahati. Mmoja ashike meza, mwingine apange foleni. Vile vyakula vya plastiki kwenye makabati ya vioo si mapambo, ndiyo menyu yenyewe: chagua, lipa, subiri namba yako, chukua trei. Ukimaliza, irudishe. Hakuna mhudumu anayekuja kukusanya vyombo vyako.

Agiza karii ya kuku wa katsu, yaani aliyeviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Ni mchuzi mzito, mtamu kidogo, hauna pilipili ya kukutoa jasho. Karii ilifika Japani kwa mkono wa Waingereza, kwa hiyo usitafute ladha ya Forodhani. Lakini kabla hujachanganya, chota wali mtupu kwa vijiti. Utanyanyuka kipande kizima, ila ukiutazama kwa karibu kila punje inajitegemea: inang'aa, nene, imeshikana na mwenzake bila kupondeka. Mdomoni inaachana. Huo ndio wali uliofaulu kwa kipimo chao. Haukukusudiwa kuchambuka.

Au nunua onigiri, wali uliofinyangwa pembe tatu na kuzungushiwa nori, karatasi ya mwani. Plastiki yake ina namba. Vuta 1 kutoka kileleni, ushuke mpaka uzunguke nyuma. Kisha vuta pembe ya 2 upande mmoja, na ya 3 upande wa pili. Kuna utando kati ya mwani na wali ili mwani ubaki mkavu. Ukilirarua kama pakiti ya krispi, nori inabaki ndani ya plastiki na wewe unabaki na wali mkononi. Lile siku hiyo hiyo. Likilala kwenye friji, wanga unakaza na punje zinakuwa kama chenga mbichi.

Sasa mchele wenyewe. Punje fupi kama Koshihikari zina amilosi kidogo kuliko basmati au michele yetu mirefu, na amilosi ndiyo aina ya wanga inayofanya punje zisigandamane. Ukiukaanga kwenye mafuta, ukaumwagia supu ya kipimo cha pilau, vikombe viwili kwa kimoja, kisha ukaukoroga kila baada ya dakika tano kwa wasiwasi, unapata bonge. Mchele umefanya ulichouamuru.

Kikombe kinachokuja na ile sufuria ya umeme ya kupikia wali kina mililita 180. Si kikombe cha chai, wala si cha Kimarekani cha 240. Mistari ndani ya sufuria imechorwa kwa kikombe hicho. Ukipima mchele kwa kikombe kikubwa mara tatu halafu ukajaza maji mpaka mstari wa 3, wali utatoka mgumu, na utasingizia sufuria.

Osha. Maji ya kwanza yamwage upesi, kwa sababu punje kavu inanywa maji hayo ya kwanza pamoja na harufu ya pumba. Sugua taratibu kwa vidole, badilisha maji mara tatu au nne. Si lazima yawe meupe kama ya kisima. Loweka nusu saa, wakati wa baridi hata saa nzima. Chuja. Kwa kila mililita 180 za mchele weka maji 200, au 215 hivi ukitumia sufuria ya kawaida. Funika, chemsha, punguza moto dakika 12, zima, uache dakika 10 nyingine. Usifunue. Najua kwetu mtu anafunua, anageuza, anapalia makaa juu ya mfuniko. Hapa acha. Mwisho uchambue kwa mwiko uliolowana, ukikata kama kisu, si kusonga. Hakuna chumvi, hakuna mafuta.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba aliyekulia wali wa nazi ataona kama kuna kitu kimesahauliwa. Wali ule unaliwa na kitu chenye chumvi, ndiyo sababu.

Na tazama mfuko vizuri. Kwenye rafu hiyo hiyo kuna mochigome, ambao kwa Kiingereza huandikwa kuwa ni mchele mtamu. Hauna sukari yoyote. Ni mchele wa kunata kabisa, wa kutwangia mochi, yale madonge laini ya wali uliopondwa, amilosi yake karibu hakuna. Jamaa wa video angeuchukua huo, tungekuwa bado tunaisugua sufuria yake. Kuna pia musenmai, uliooshwa kiwandani: huo hauoshwi, na unaongezewa kijiko kikubwa kimoja au viwili vya maji kwa kila kikombe.

Kwa wasiokula kitimoto: tonkotsu ni supu ya mifupa ya nguruwe, tonkatsu ni nyama yenyewe ya nguruwe iliyokaangwa, na hiyo "ton" ndiyo ya kukushtua. Rameni ikiitwa ya miso (soya iliyochachushwa) au ya chumvi, usidhani umepona. Ladha imebadilika, mifupa mara nyingi ni ile ile. Uliza. Vipande vya karii vya kupikia nyumbani mara nyingi vina mafuta ya mnyama, na mirin, ile divai tamu ya mchele ya kupikia, ina pombe, asilimia 14 hivi kwa ile halisi. Soma kibandiko cha mwingizaji nyuma ya pakiti.

Samaki wanunuliwe mwisho kabisa, baada ya kula, wakiwa na barafu mpaka nyumbani. Kwa wali ule chukua shio-saba, minofu iliyotiwa chumvi ya samaki anayeitwa saba (si hesabu), ndugu wa vibua. Ukaushe kwa karatasi, ngozi juu, chini ya moto mkali dakika nane hadi kumi, mpaka ngozi ivimbe malengelenge. Usiongeze chumvi. Na usimle mbichi kwa sababu tu umeona sushi kaunta ya pili. Saba hubeba minyoo ya anisakisi. Wa kula mbichi ni yule aliyeandikwa kuwa wa sashimi.

Aliyebaki na kilo sita ndani auhifadhi kwenye chombo cha kufunga kisawasawa, na wakati wa joto auweke kwenye friji, vinginevyo wadudu watauwahi. Pilau analitaka bado? Basmati ipo duka la Wahindi.