Ugumu Uliopotea Haukuwa wa Vitufe

Mwezi Juni 2025 kampuni ya Blizzard iliingiza katika mchezo wake wa mtandaoni World of Warcraft (WoW) msaidizi wa mapigano anayemwezesha mchezaji kubonyeza kitufe kimoja tu, mfululizo, huku mfumo wenyewe ukichagua pigo linalofuata. Gharama yake ni ndogo: kila pigo huchelewa kwa sekunde 0.2. Wakongwe wengi waliipokea habari hiyo kama ushahidi wa kufunga kesi waliyoijenga kwa miaka mingi, kwamba michezo ya uhusika ya mtandaoni imerahisishwa kupita kiasi. Wapinzani wao wakawajibu kama ilivyo desturi: mnaulilia ujana wenu.

Jibu hilo ni la kejeli, lakini lina ushahidi. Ragnaros, bwana wa pango la Molten Core, aliangushwa kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 2005, miezi mitano baada ya mchezo kuzinduliwa. Blizzard ilipoufungua upya mchezo wa zamani kwa jina la WoW Classic, mwishoni mwa Agosti 2019, Ragnaros hakumaliza hata wiki moja, kwa kuwa wachezaji walikuja wakijua kila kitu ambacho watangulizi wao walilazimika kukibahatisha. Kwa upande mwingine, Kil'jaeden, adui mkuu wa mwaka 2017, katika daraja la juu kabisa la ugumu, alilishinda kundi la Method mara 654 kabla ya kuanguka, na hao walikuwa miongoni mwa wachezaji bora duniani. Kwa kipimo cha mapigano peke yake, mchezo wa sasa ni mgumu kuliko wa zamani, tena kwa mbali.

Hata vitufe vyenyewe wakongwe huvikumbuka kwa upendeleo. Enzi za mwanzo adui hakuweza kubebeshwa zaidi ya laana 8, yaani madhara ya kumdhoofisha, kwa wakati mmoja, baadaye 16, na katika uvamizi wa pango wa watu 40 nafasi hizo zilijaa upesi. Mchawi wa aina ya Warlock, ambaye sifa yake yote ni laana, mara nyingi aliamriwa na kiongozi aziache na kurusha pigo lile lile la Shadow Bolt usiku kucha. Hicho nacho ni kitufe kimoja, na hakuna aliyekiandikia maombolezo.

Ndiyo maana naona wakongwe hawaeleweki, na sehemu ya lawama ni yao wenyewe kwa kunyoosha kidole pasipohusika. Kilichorahisishwa ni yale yaliyolizunguka pigano, na zaidi ya yote ile hali ya mchezaji kuwahitaji wenzake.

Tuliangalie pango la Deadmines, ambalo kwa wachezaji wengi wa Alliance, mmoja wa pande mbili za mchezo huo, lilikuwa pango la kwanza. Mwaka 2005 aliyetaka kuingia humo alitangaza kwenye gumzo la Westfall, eneo lenye pango hilo, kwamba anatafuta watu, akamngoja mlinzi wa kupokea mapigo, akamngoja mponyaji, kisha wote watano wakaenda kwa miguu hadi kijiji cha Moonbrook na kujipenyeza kati ya majambazi wa Defias mpaka mlangoni. Huenda saa nzima ikapita kabla ya pigo la kwanza la maana. Saa hiyo ilichosha, tusidanganyane. Hata hivyo, ndani yake watu walijuana: nani ana subira, nani hukimbilia mbele na kuwaamsha maadui wa chumba kizima, nani hunyakua ngawira isiyomfaa. Kwa kuwa wote walikuwa wa seva moja, jina lilimfuata mtu. Aliyemdhulumu mwenzake upanga leo angeweza kesho kukuta vikundi vyote vimejaa ghafla, na mponyaji hodari alipokea mialiko kabla hajatulia.

Desemba 2009 ulikuja mfumo wa kutafuta vikundi. Mchezaji anajiandikisha kwenye foleni, anasafirishwa papo hapo hadi ndani ya pango pamoja na watu wanne waliookotwa kutoka seva mbalimbali, na kazi ikiisha kila mmoja anarudishwa alikotolewa. Ukifanya uungwana hakuna atakayeukumbuka. Ukifanya uhuni, vilevile. Hukumu iliyokuwa ya jamii nzima ikapunguzwa kuwa kura ya kumtoa mtu kikundini. Mlinzi mgeni anayetukanwa kwa sababu anatembea polepole hakuangukia mikononi mwa watu waovu kuliko wale wa 2005. Ameangukia mikononi mwa watu wenye uhakika kwamba hawataonana naye tena.

Watetezi wa mfumo huo hupenda kutaja idadi moja: Oktoba 2010, chini ya mwaka mmoja baada yake, World of Warcraft ilitangaza wanachama milioni 12, kilele chake. Kama mfumo ulikuwa sumu, huuliza, mbona mgonjwa alinenepa? Idadi hiyo ni ya kweli, ila isomwe pamoja na zilizoitangulia. Januari 2008 Blizzard ilitangaza milioni 10, na kufikia Desemba mwaka huo milioni 11.5. Kwa maneno mengine, karibu ukuaji wote ulitokea wakati watu wangali wakitembea kwenda Moonbrook, na ongezeko lililofuata halikuvuka sana nusu milioni. Mwaka 2015 idadi ilikuwa imeshuka hadi takriban milioni 5.5, kisha kampuni ikaacha kuitangaza. Sidai kwamba foleni ndiyo iliyowafukuza waliotoweka. Michezo isiyo na ada ilikuwa imeongezeka, simu zilikuwa zimeingia kila mfukoni, na wachezaji wenyewe walikuwa wamekua na kuoa. Nadai tu kwamba milioni 12 si zao la foleni, na kuitaja kama utetezi wake ni kumsifu mgeni kwa chakula alichokikuta kimeiva.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko hiyo. World of Warcraft yenyewe ilizaliwa kwa kurahisisha: katika EverQuest, mchezo wa mtandaoni wa mwaka 1999, aliyekufa alipoteza sehemu ya maendeleo yake na kuurudia mwili wake ulikoachwa na vifaa vyake. Naxxramas, ngome ya uvamizi ya 2006 iliyodai watu 40, ilionwa na wachezaji wachache mno, na kuirudisha mwaka 2008 kwa vikundi vya 10 na 25 ilikuwa haki. Mtu mwenye kazi na mtoto hawezi kukaa Westfall akitangaza.

Lakini lile jibu jepesi, kwamba asiyependa foleni asiitumie, silikubali. Kwenda Deadmines kwa miguu kunahitaji wengine wanne waliokataa foleni, na mbele ya zawadi za haraka hao hawapatikani. Mchezaji mmoja hawezi kujichagulia mtindo wa zamani. Seva nzima inauchagua au inaukosa. Blizzard ilipofungua upya sura ya Wrath of the Lich King mwaka 2022 iliuacha mfumo huo nje, kisha mwaka 2023, wachezaji wengi wakiudai, ikaurudisha. Waliokuwa wakifurahia kukaa bila mfumo huo hawakubakiwa na pa kwenda.

Old School RuneScape, mchezo mwingine wa mtandaoni uliofunguliwa mwaka 2013 kwa mtindo wa zamani, umelishughulikia jambo hili kwa uaminifu zaidi, kwani mabadiliko makubwa hupigiwa kura na wachezaji na kwa miaka mingi yalihitaji asilimia 75. Mwaka 2015 hata hao wapenzi wa mambo ya kale walilipitisha soko kuu la Grand Exchange, wakaachana na kupatana bei ana kwa ana. Mimi ningepiga kura ya hapana, lakini angalau walioathirika waliulizwa.

Kwa kipimo cha mchezaji kuwahitaji wenzake, kitufe kimoja cha 2025 hakinisumbui: mwenye maumivu ya mikono sasa anaweza kuingia pangoni na wenzake, na bado anawahitaji. Kinachonitia wasiwasi ni mfumo ambao mchezo mwingine wa mtandaoni, Final Fantasy XIV, uliupanua mwaka 2022, unaompa mchezaji wenzake wa kompyuta katika mapango ya hadithi kuu. Ni wavumilivu, hawatukani wala hawanyakui ngawira, na karibu hakuna aliyeulalamikia kama wanavyokilalamikia kitufe.